Sahani Niliyoigeuza, na Mtama wa Kabula

Jumamosi, mwezi wa sita. Butimba.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa kiangazi unaoingiza vumbi hadi kwenye kabati la vyombo. Nimerudi jioni hii na sijavua viatu. Nimekaa jikoni, nimefungua kompyuta, na mdomo wangu mchungu kama nimetafuna mwarobaini.

Wanaosoma ukurasa huu wamezoea niwaandikie habari za mbegu kwa furaha. Leo sina furaha. Naandika kwa sababu nikinyamaza tena, kunyamaza kutakuwa tabia yangu.

Nimevunja nyumba ya watu.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mtafiti wa mazao ya nafaka kwenye kituo kimoja nje ya mji. Nimezaliwa Mara, nimekulia kwenye samaki, lakini miaka yangu yote ya kazi nimeimalizia kwenye mtama wa Wasukuma. Mtama huo una adui anayeitwa kiduha. Ukikikuta kimechanua shambani unaweza kukisifu, maana maua yake ni ya zambarau, mazuri kuliko hata ya kupanda. Mbegu zake ni ndogo kama ugoro. Zinalala ardhini miaka na miaka, zinasubiri. Mzizi wa mtama ukipita jirani hutoa kemikali fulani kwenye udongo, na kwa kiduha hiyo ni sawa na mtu kuitwa mezani. Kinaamka, kinaushika mzizi, kinanyonya. Siku unayoyaona maua, mtama wako umeshakwisha zamani.

Ila kuna mtama mmoja wa kizamani, mrefu, mwekundu, ambao mizizi yake haiiti. Nilipewa na Mzee Lugwisha, mkulima wa kule Kisesa, ambaye alirithi mbegu hiyo kwa mama yake. Wenyewe hawaupendi sana. Unachelewa mno kukomaa, na mvua ikikatika mapema huambulii kitu. Mbegu fupi ya kituoni hukomaa haraka na ugali wake ni mweupe, lakini mizizi yake inaita kwa sauti.

Kazi yangu ilikuwa kupata mtoto mmoja wa hao wawili: mfupi, wa haraka, na mwenye mizizi iliyonyamaza.

Nikaichavusha mitama hiyo miwili. Nikawarudisha watoto kwa mzazi mfupi, yaani nikawachavusha naye tena, msimu baada ya msimu. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kujua ni mtoto gani amerithi ukimya wa yule mrefu. Zamani ungewapanda wote kwenye shamba lenye kiduha na kusubiri nani atakufa. Siku hizi unakata kipande cha jani, unakituma maabara, wanasoma vinasaba, wanakuambia huyu anayo jeni ya ukimya na huyu hana. Inaokoa misimu mingi. Nilikuwa nawaeleza wakulima jambo hili kwa kujigamba, na nilikuwa na msemo wangu niliozoea kufungia mkutano: watu wanaweza kudanganya, vinasaba havidanganyi.

Naona aibu hata kuuandika.

Kwa Mzee Lugwisha nilimkuta Kabula, mke wa mwanawe Masunga. Kabula amemaliza kidato cha nne, ana mwandiko mzuri kuliko wangu, na katika wakulima wote niliofanya nao kazi hakuna aliyekuwa na jicho kama lake. Alikuwa na daftari. Aliandika siku mtama ulipochipua, siku ulipotoa suke, ndege walipoanza kuja. Ndiyo maana mradi ulipofika hatua ya kugawa mbegu mpya kwa kaya za pale, wanakijiji wenyewe walisema mbegu zikae kwake. Alizitunza ndani kwake, kwenye ndoo yenye mfuniko, mpaka siku ya kupanda. Kila kaya ilichukua mbegu mkononi mwake.

Sasa niseme nilichofanya.

Vipande vya majani hupangwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, jani moja kila kishimo, kwa mpangilio. Sahani ina kona moja iliyokatwa ili ujue kishimo cha kwanza kiko wapi. Siku ile nilikuwa peke yangu, mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia, mradi ulikuwa unaelekea ukingoni, na nilikuwa napanga majani huku nikijibu simu. Nikaiweka sahani kona ikiwa upande usio wake. Basi. Jani langu la kwanza maabara walilihesabu la mwisho, na la mwisho likawa la kwanza. Kila mmea ukapewa majibu ya mwenzake.

Kosa kama hilo linaweza kumpata yeyote. Ningekuwa naandika hilo tu, nisingekuwa na uchungu huu.

Kwenye vishimo viwili vya mwanzo nilikuwa nimeweka makusudi majani ya ule mtama mrefu, kama kipimo. Huo lazima uonekane una jeni, maana jeni yenyewe imetoka kwake. Majibu yaliporudi, nikaona vishimo hivyo viwili vimeandikwa havina.

Niliona.

Nilikaa nikitazama labda dakika nzima. Nikajiambia yale majani yalikauka vibaya. Pembeni nikaandika "sampuli mbovu", nikashuka mistari ya chini, nikachagua mimea yangu. Tulitakiwa pia kuijaribu kwanza kwenye vyungu vyenye kiduha. Daktari Bwire, mkuu wa mradi, alisema muda hautoshi, na mimi nikafurahi kuambiwa hivyo. Ile mingine, niliyodhani haina jeni, tuliikata tukawapa ng'ombe.

Mwezi wa pili Kabula alikuja kituoni. Alikuwa amefunga mimea mitatu kwenye mfuko pamoja na udongo wake. Akaitandaza kwenye ngazi za ofisi, akanionyesha vichipukizi vyeupe kwenye mizizi, vidogo, bado havijatoka juu ya ardhi.

"Dada, hiki ni kiduha. Na mizizi yenyewe naiona kama ya ile mbegu fupi ya kituoni."

Nilimwambia asubiri, mimea bado michanga, na kwamba tumeshapima vinasaba. Kisha nikamwambia ule msemo wangu. Alinitazama, akaukusanya udongo wake kwa viganja, akaondoka.

Mwezi wa nne mashamba yote yalikuwa zambarau.

Si kila shina lilikufa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Katika mimea niliyoichagua kichwa chini miguu juu, michache ilikuwa na jeni kwa bahati tu. Kwa hiyo kwenye kila shamba kulikuwa na mtama uliodumaa, na katikati yake, hapa na pale, shina moja safi lenye suke zuri. Mtu yeyote angetazama angesema: hapa kuna mbegu mbili zilizochanganywa.

Daktari Bwire alisema hivyohivyo. Aliitisha mkutano, akasimama mbele ya watu, akaeleza kwamba mbegu ilitoka kituoni ikiwa sawa na imechanganywa huku kijijini. Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilimwamini, kwa sababu ilinifaa kumwamini. Ripoti iliandikwa kwamba wakulima hawakufuata maelekezo ya utunzaji wa mbegu. Chini yake kuna saini mbili, na ya pili ni yangu.

Sikujiuliza watu wangefanya nini na maneno yale. Walifanya kile ambacho watu hufanya. Waliuliza mbegu zilikuwa kwa nani.

Ikasemwa Kabula alipeleka mbegu nzuri kwao Usagara na kujazia ndoo kwa mbegu ya kawaida. Ikasemwa ndiyo maana alikimbilia kituoni mapema, kujisafisha. Wenye mashamba wakaacha kuitikia salamu za Masunga kwenye kijiwe chake cha pikipiki. Kabla mwezi haujaisha Masunga alimrudisha mke wake kwao. Mtoto wao wa kike, Milembe, ambaye bado hajaanza shule, alibaki Kisesa kwa bibi yake.

Nilizisikia habari hizo kituoni. Nikasikitika kama mtu anavyosikitika akisikia msiba wa mbali.

Wiki tatu zilizopita nilifungua faili la majibu ili nimalizie jedwali la mwisho. Macho yakaangukia neno "mbovu". Sijui kwa nini siku hiyo sikulipita. Nilishuka hadi mwisho wa orodha, nikakuta vishimo viwili vya mwisho vina jeni, vyote viwili, bila shaka yoyote. Nikaipindua orodha nzima, wa mwisho awe wa kwanza. Nikalinganisha na rekodi za mashamba, shina kwa shina. Kila kilichokuwa hakieleweki kikaeleweka.

Nikachapisha orodha zote mbili.

Siku hiyohiyo nilimwambia Daktari Bwire. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, ningependa awe mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ripoti imeshakwenda," akasema. "Ukisema leo kwamba tuligeuza sahani, hakuna mradi mwingine utakaoletwa hapa. Wewe, mimi, madereva, vibarua. Mbegu za kizazi cha nyuma bado zipo stoo?"

"Zipo kidogo."

"Basi tutaanza upya kimyakimya. Wakulima wakipata mbegu nzuri watasahau."

"Na yule mwanamke?"

"Mambo ya ndoa za watu hayamo kwenye mradi."

Nikarudi mezani kwangu. Nilikaa hapo wiki tatu.

Leo asubuhi nimekwenda Kisesa bila kumuaga mtu. Mzee Lugwisha alikuwa kivulini ukutani mwa ghala, anasuka kamba. Nilimsalimu, "Mwangaluka, baba," nikapiga goti. Akafurahi kuniona. Mke wake akaleta uji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Masunga alikuwepo, anafunga mnyororo wa pikipiki, hakuacha kazi yake. Milembe alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa mlangoni.

Nikawaeleza. Nilichora sahani kwa kijiti kwenye vumbi, nikachora vishimo, nikaonyesha kona. Nilitaka sana waelewe kosa lilivyotokea. Sasa nikikumbuka naona nilikuwa nataka wanionee huruma.

Mzee hakuutazama mchoro.

"Kwa hiyo mbegu haikuchanganywa."

"Haikuchanganywa, baba. Kabula hakufanya chochote."

"Umejua lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Na siku ile mliposimama hapa na mkubwa wako, ulijua?"

"Sikuwa nimejua. Lakini dalili nilikuwa nimeshaiona tangu mwanzo, nikaipita."

Masunga aliacha mnyororo. Mikono yake ilikuwa na grisi na aliishika mbele yake kama mtu asiyejua aiweke wapi.

Nikauliza habari za yale mashina machache yaliyobaki safi. Nilikuwa nayo tamaa, naikiri. Nilifikiri labda masuke yake yametunzwa mahali, nipate pa kuanzia. Mzee akanijibu polepole:

"Tuliyala, mtaalamu. Ndiyo pekee yaliyokuwa na punje."

Uji wangu ulikuwa haujaguswa.

Kisha Mzee akaingia ndani, akarudi na daftari la shule na kalamu. "Lile la kumtukana mkwe wangu mliliandika," akasema. "Hili nalo liandike." Akamgeukia mwanawe, akamwambia maneno ya Kisukuma ambayo niliyaelewa nusu. Nusu niliyoielewa ilikuwa hii: leo mtoto alale kwa mama yake.

Niliandika ukurasa mmoja. Nikaweka jina, cheo na saini. Mzee hajui kusoma vizuri, akampa Masunga asome kwa sauti. Masunga alisoma hadi kwenye jina la mke wake, akakwama hapo. Mama yake akainuka kwenda kumvalisha mtoto.

Tulikwenda Usagara kwa pikipiki ile, kwa barabara ya mchepuko, Milembe mbele kwenye tangi, Masunga katikati, mimi nyuma. Njia nzima hakuna aliyeongea isipokuwa mtoto, aliyekuwa anahesabu ng'ombe na kukosea.

Kabula siku hizi anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya ndugu yake, karibu na njia panda. Tulimkuta anamimina mahindi, amejifunga kanga kichwani, nyusi nyeupe kwa unga. Masunga alisimamisha pikipiki mbali, upande wa pili wa barabara. Hakuizima. Alimteremsha mtoto, nami nikamshika mkono tukavuka.

Kabula alipomwona Milembe aliweka debe chini. Alichuchumaa. Mtoto alimkimbilia, halafu akasita hatua mbili kabla ya kumfikia, akamtazama vizuri kwanza, kama anahakikisha. Sijui kama nitakuja kuzisahau zile hatua mbili. Kisha akajitupa kifuani kwake na unga ukamjaa gauni.

Nilisubiri. Mashine ikazimwa. Kabula akanyanyuka, mtoto kiunoni, akanipa mkono kwa heshima kama zamani. Nikampa ile karatasi.

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alikuwa anafuata mistari kwa kidole.

"Nilikuletea mizizi," akasema.

"Uliniletea."

"Ukaniambia vinasaba havidanganyi."

"Nilikuambia."

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa msamaha wangu wiki nzima, una mwanzo na mwisho. Hakuusikiliza. Aliirudisha karatasi kwangu, kidole kikiwa kwenye mstari wa tatu.

"Hapa umeandika 'kulitokea kosa la kitaalamu'. Limetokea lenyewe?"

Nilitafuta kalamu mfukoni.

"Mimi waliponisema, walisema Kabula. Hawakusema kulitokea kosa la ndoo. Andika jina lako hapo. Andika umeona, ukapita."

Akaenda kuchukua karatasi nyingine, ile wanayoandikia majina ya wateja. Nikaandika tena, nimesimama, nimeegemea mzani. Mimi, fulani, niliigeuza sahani. Mimi niliona dalili. Mimi nilinyamaza. Mimi nilitia saini ripoti iliyomsingizia Kabula. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka kifuani. Akanitaka niandike nakala mbili zaidi, moja ya mwenyekiti wa kijiji cha Kisesa na moja ya kituoni kwetu. Nikaandika.

Masunga alikuwa bado kule ng'ambo, juu ya pikipiki, anatutazama. Nikamuuliza Kabula kama nimwite.

"Mwambie mtoto analala hapa," akasema. "Yeye aende akasome hiyo nakala mbele ya watu walewale, pale palepale. Baada ya hapo, kama ana la kusema, njia anaijua."

"Na mimi? Nikirudi kuanza tena zile mbegu, ungekubali..."

Hakuniacha nimalize. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba daftari lake lilichomwa siku alipoondoka, na kwamba siku hizi anapokea mahindi, anasaga, anafunga. Kisha akawasha mashine. Kwa kelele ile hata kwaheri yangu haikusikika.

Nilivuka barabara nikampa Masunga ujumbe na nakala ya mwenyekiti. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza kama Kabula amelia. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali, akageuza pikipiki kurudi Kisesa.

Nimerudi mjini peke yangu.

Nakala ya kituoni iko hapa mezani, inanuka unga. Jumatatu asubuhi nitaiweka mbele ya Daktari Bwire na nyingine nitaituma kwa waliotoa fedha za mradi, kabla hajaniambia nisitume. Huenda nikafukuzwa. Huenda wakafunga mradi na kuniacha palepale nihesabu magunia. Zile mbegu chache za stoo nitaziandikia maelekezo yote, hatua kwa hatua, ili atakayekuja baada yangu aweze kuanza nazo. Huo ndio ustadi pekee nilionao na sijui pa kuupeleka kwingine.

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Watu husema hivyo. Si kweli, au labda si kweli kwa aliyechelewa.

Kuna swali limenifuata tangu njia panda ya Usagara na sitaki kulala kabla sijaliandika. Kama Kabula angekuwa mtafiti mwenzangu, mwenye meza mkabala na yangu, ningekaa wiki tatu nikimwona anabeba kosa langu?

Nisingekaa hata siku moja.